Kopo la Lango la Saba

Jumapili ile boti sita zilipanga foleni kwenye lango la saba la mfereji, na kila nahodha alijiona yeye ndiye mwenye haraka kuliko wenzake. Abiria walijaa na kofia zao na kamera zao, watoto walilia njaa, muuza maji baridi alipita ukingoni akigonga chupa kwa kijiko. Katikati ya vurugu hiyo mlinda lango, dada wa miaka thelathini na mmoja, alikuwa anazungusha gurudumu la chuma la kufungulia maji ya kupandisha na kushusha boti, kwa mikono miwili, jasho likimwingia machoni. Ndipo alipoona miguu ya mwanamume imetokeza kwenye ukuta.

Miguu tu. Viatu vyeusi vilivyong'arishwa, soksi za kijivu, suruali ya pasi safi. Kichwa, mabega na mkono mmoja vilikuwa vimezama kwenye pengo la mawe chini ya gurudumu la pili, mahali ambapo hakuna mtu mwenye akili zake anayeingiza kichwa. Dada akawaza nati za shaba mara moja. Mwaka uliopita wezi waling'oa nati nane lango la tano, na maji yakamwagika siku mbili. Akaacha gurudumu, akachukua wenzo, akasimama juu ya ile miguu na kumwamuru mwenye nayo atoke taratibu, tena mkono utoke mtupu.

"Siwezi kutoka taratibu wala haraka," sauti ikajibu kutoka ndani ya ukuta. "Nimekwama, dada."

Nahodha mmoja akapaza sauti kwamba mtaka cha mvunguni sharti ainame, na boti zote sita zikaangua kicheko. Dada hakucheka. Aliweka wenzo chini, akamshika mwizi wake vifundo vya miguu, akamvuta kwa nguvu zilezile anazovutia minyororo. Mtu akatoka. Shati lake lililokuwa jeupe lilikuwa limepata tope kuanzia kola mpaka mkanda, miwani imekaa upande, na bado alikuwa anamshukuru.

Akajieleza kwa utaratibu, bila haraka, kana kwamba boti sita si kitu. Kulikuwa na mchezo, akasema, unaitwa msako wa makopo. Watu wanaficha makopo kando ya njia ya mfereji wa kale, kuanzia lango la kwanza hadi la kumi na nne. Namba za mahali unazipata kwenye simu, unakwenda, unatafuta. Ukipata unaandika jina lako kwenye kidaftari kilichomo, unalirudisha pale pale, na wapita njia wasikuone. Malango mengine yote makopo yapo. La saba peke yake, kila likiwekwa, linapotea.

"Kopo gani?" dada akauliza. "La chuma, lenye kifuniko chekundu?"

"Hilohilo."

"Nimelitupa."

"Lini?"

"Mara zote tatu. Nilidhani ni takataka za walevi."

Yule bwana akamtazama kama mtu aliyekaa mwaka mzima akiuliza nani anamwibia chakula cha mchana, kumbe ni jirani wa meza moja. Kisha akacheka, na meno yake yalikuwa mazuri, nalo hilo dada aliliona hata kama hakutaka kuliona. Honi tatu zikalia kwa mpigo, akarudi kwenye gurudumu lake.

Sasa niwaambie kuhusu honi hizo, kwa maana ndizo zilizokuwa mume wa dada yule kabla hajapata mwingine. Baba yake alilinda lango hilo miaka thelathini na mitatu. Miaka tisa iliyopita shinikizo la damu lilimpiga, upande wa kulia ukapooza, na Mamlaka ya Mfereji ikamwandikia binti barua akaimu nafasi ya baba kwa miezi mitatu. Miezi mitatu hiyo haijaisha mpaka leo. Wana boti wakamwita Kaimu, jina likamganda, na jina alilopewa na mama yake likabaki la kuitwa na baba tu.

Sheria ya lango ilikuwa fupi: kuanzia saa kumi na mbili asubuhi hadi saa kumi na mbili jioni, siku zote za Mungu, honi ikilia lango lishughulikiwe ndani ya dakika kumi. Kwa hiyo Kaimu aliweza kwenda popote alipotaka ilimradi honi imfikie. Upande wa juu ilimfikia mpaka kwenye mkwaju wa pili. Upande wa chini ilimfikia mpaka daraja la mawe, mahali mfereji unapopinda. Kupita hapo, dunia ilikuwa ya watu wengine.

Alikuwa na kaka, ndiyo. Kaka mkubwa, mwenye kazi nzuri na gari, mwendo wa saa moja tu kutoka pale. Kila Ijumaa alipiga simu kuuliza hali ya mzee, na kila Ijumaa alimalizia kwa maneno yaleyale: wewe ndiye nguzo yetu, dada. Ni sifa nzuri, nguzo. Lakini jamani, nani amewahi kuona nguzo imekwenda kutembea?

Alhamisi yule mtu wa tope alirudi na kopo jipya. Shati lilikuwa jeupe tena. Akaomba radhi kwa kuingia ukutani bila hodi, akamwomba Kaimu awe mlezi wa kopo, kwa kuwa hakuna atakayeliangalia vizuri kuliko aliyelitupa mara tatu. Kazi yake ilikuwa fundi miwani, ana kibanda mjini karibu na soko, na siku za mapumziko alikuwa anasaka makopo. Kila msakaji ana jina la msako, akasema, na lake ni Kobe.

"Kwa nini Kobe?"

"Nafika, lakini nachelewa," akajibu.

Alipomuuliza yeye atajiitaje, Kaimu hakufikiri. Aliandika KAIMU kwenye ukurasa wa kwanza wa kidaftari. Kobe akasoma, hakuuliza. Aliuliza wiki mbili baadaye, walipokwisha kuzoeana, na alipopata jibu alianza kufuta miwani yake ambayo haikuwa na vumbi.

Mapenzi yao yalikua kwenye simu na kwenye ukingo wa maji, kati ya boti moja na nyingine. Kobe alipiga saa saba mchana, boti zinapopungua. Alimtania kwamba mpenzi wake analindwa vikali kuliko benki. Kaimu naye alimtania kwamba mwendo wake ni wa kuchosha, angekuwa boti angemnyima zamu. Alizoea kuvaa ovaroli ya baba yake, buluu, imekunjwa mikono mara tatu. Sasa chini yake zikaanza kuonekana blauzi za rangi, na kichwani kilemba cha rangi ya machungwa. Wana boti waliona. Watu hao hawana dogo.

Baba naye aliona, kwa sababu Kobe alimpima macho akamtengenezea miwani. Miaka mingi mzee alikuwa anakaa kwenye kiti chake cha dirisha la juu akitazama ukungu. Siku aliyoivaa miwani aliangalia mfereji, kisha akasema rangi ya mageti imechakaa na aibu hiyo hakuijua. Baadaye, Kaimu alipompelekea uji, akamuuliza huyo Kobe ana nia gani. Kaimu akasema ni rafiki. Mzee akasema yeye amepooza mkono na mguu, hakupooza akili.

Kobe hakuwahi kumwambia Kaimu atoke. Alifanya jambo jingine. Alificha kopo jipya hatua mia mbili kutoka langoni, upande wa chini, akamtumia namba. Kaimu alikwenda kati ya boti mbili, akalipata kwenye mizizi, akasoma karatasi iliyomo: *Umefika mbali. Endelea.* Wiki iliyofuata kopo lingine, hatua mia mbili zaidi. Humo alikuta pete za manjano za kuzibia mabomba, kwa sababu aliwahi kulalamika kwamba bomba la jikoni linavuja, na kama kuna mwanamke aliyewahi kupewa zawadi ya mapenzi ikamliza kuliko hiyo, mimi sijamsikia. La tatu lilikuwa kwenye daraja la mawe.

Karatasi ya darajani ilikuwa ndefu. Kobe aliandika kwamba amesimama pale siku nzima akisikiliza, na kweli honi inaishia hapo. Akaandika kwamba lango la kumi na nne lina mnara, na ukiwa juu unauona mfereji wote mpaka ulikotoka. Akaandika: *Jumamosi hii, mimi na wewe?*

Kaimu aliisoma mara mbili. Kisha akavuka daraja hatua moja, akasimama upande wa pili. Hewa ilikuwa ileile na majani yaleyale. Moyo ulimwenda mbio kama mwizi. Hakusikia kitu, na kwa sababu hakusikia kitu akaogopa kwamba pengine honi inalia, akageuka na kukimbia mpaka nyumbani. Hakukuwa na boti.

Alimwomba kaka yake aje kushika lango Jumamosi moja tu. Kaka alizaliwa nalo, analijua. Kaka akakubali bila tatizo. Ijumaa jioni Kaimu alisuka nywele, akapiga pasi gauni la manjano lililokaa sandukuni miaka mingi, akapaka viatu rangi. Jumamosi saa moja alikuwa amekaa kwenye benchi la mlangoni, amevaa, mkoba mapajani. Saa mbili ikapita. Saa tatu boti ikapiga honi, akaenda kuifungulia na gauni lake. Saa nne kaka akapiga simu. Wifi alikuwa amepata wageni wa ghafla, haikuwezekana, na kwani mfereji utahama? Dada ataenda Jumamosi nyingine.

Upindo wa gauni ulikuwa umeshika grisi. Aliufikicha kwa sabuni mpaka kitambaa kikachubuka, kisha akampigia Kobe, aliyekuwa amefika mnarani tangu asubuhi na chakula cha watu wawili.

"Hakuja," akamwambia.

"Basi nitakula cha wawili," Kobe akasema. Alitaka iwe mzaha. Hakuna aliyecheka.

Jumatatu ikaja barua ya Mamlaka. Baada ya miaka tisa ya kukaimu, Mamlaka ilifurahi kumwajiri rasmi, kwa mkataba wa miaka kumi, pamoja na nyumba ya lango. Atie sahihi ndani ya siku kumi na nne. Asipotia, familia ihame ndani ya siku tisini.

Kaka alifurahi mpaka akaimba kwenye simu. Alisema Mungu amesikia, mzee sasa atakufa kitandani kwake kwa heshima. Wifi akachukua simu akapiga kigelegele. Baba alisomewa barua, akasikiliza, akasema ni juu yake binti, na alipokuwa akisema hivyo alikuwa anatazama ukuta. Kaimu alihesabu. Thelathini na moja na kumi, arobaini na moja. Usiku alilala na barua chini ya mto, na asubuhi ilikuwa bado ipo.

Alimwambia Kobe kwenye simu ya saa saba. Alitarajia aseme usitie sahihi. Kwa kweli alikuwa ameshaandaa na jibu la kumjibu, kwamba haiwezekani, kwamba baba je, na alikuwa amejiandaa kushindwa katika ubishi huo. Kobe hakubisha.

"Nipe siku chache nifikirie," akasema.

"Ufikirie nini? Barua ni yangu."

"Nifikirie mimi nitafanya nini."

Siku chache zikawa kumi na moja. Kobe hakuja. Akipigiwa alipokea haraka haraka, nyuma yake nyundo zikisikika, akasema ana shughuli kidogo, mpenzi, atapiga baadaye. Baadaye yenyewe haikufika. Siku ya kumi na mbili asubuhi, Kaimu akiwa anapaka grisi meno ya gurudumu, simu ikatoa mlio wa ule mchezo wa makopo. Akafuta kidole, akafungua. Ujumbe ulikuwa mstari mmoja: *Kopo la Lango la Saba: limefungwa na mwenyewe.*

Alienda kwenye pengo la mawe, akaingiza mkono. Patupu. Alikuwa amekuja, basi. Amekuja alfajiri kabla ya watu kuamka, amechukua kopo lake na kidaftari chenye majina yao, ameondoka bila hata salamu. Akufukuzaye hakwambii toka. Kobe alikuwa ameomba siku za kufikiri, amefikiri, na jibu ndilo hilo.

Kaimu hakulia. Alipanda ngazi, akatoa barua chini ya mto, akatia sahihi kwa kalamu ya kuhesabia boti. Aliandika jina lake kamili, lile alilopewa na mama yake. Saa tatu kamili boti ya mizigo ikaja, naye akamkabidhi nahodha bahasha aifikishe ofisi kuu, iliyokuwa baada ya lango la mwisho. Alimfungulia maji, akaishusha boti chini, akafungua geti la chini, akaitazama inakwenda. Alihisi kama mtu aliyejifungia mlango mwenyewe na kuutupa ufunguo dirishani, tena akasikia ulivyoanguka.

Saa nne alisikia kelele ng'ambo. Pale upande wa pili wa mfereji, hatua kama themanini hivi, kulikuwa na kijumba cha mawe cha mtunza ghala wa zamani, hakijafunguliwa miaka. Madirisha yake yote yalikuwa wazi. Mkokoteni ulisimama mlangoni, na mtu mwenye shati jeupe alikuwa anateremsha meza ya kazi, amejitwisha kichwani. Aliiweka chini. Akamwona. Akapunga mkono, uso wote ni furaha.

Kobe alivuka juu ya ubao wa lango, mikono ameitandaza asianguke, akafika akihema. Alikuwa na maneno mengi kwa mara ya kwanza katika maisha yake. Kibanda cha mjini amekiacha. Kijumba amekipanga kwa mwaka mzima, rafu na milango amevitengeneza mwenyewe mjini kwa siku kumi, alitaka iwe ya ghafla. Miwani atatengenezea hapo, wateja watakuja na boti.

"Ulifunga kopo," Kaimu akasema.

"Ilinibidi. Nimeweka jipya pale mlangoni kwangu, na sheria haikubali makopo mawili yakaribiane chini ya hatua mia mbili. Lazima la zamani lifungwe kwanza. Si nilikuambia, siku ile ya kopo la pili?"

"Siku ile nilikuwa nakutazama. Sikuwa nakusikiliza."

Kobe akacheka. Kaimu akakaa kwenye boriti ya kusukumia geti.

"Nimetia sahihi," akasema. "Boti imekwenda nayo."

"Vizuri," Kobe akasema. "Ndiyo maana nimekuja. Ili utie sahihi kwa amani. Huna haja ya kuchagua tena."

Kaimu alimtazama mtu huyu anayempenda, na nywele zake zilizojaa vumbi la chokaa, na kidole alichokigonga nyundo mpaka kucha ikawa nyeusi. Alimpenda sana wakati huo. Na palepale hasira ikampanda.

"Hata wewe?" akasema. "Baba ananipenda, nikae. Kaka ananipenda, nikae. Sasa na wewe umejitwisha meza kutoka mjini kuja kunisaidia kukaa. Kwani hakuna mtu hata mmoja duniani anayenipenda nitoke?"

Kobe alivua miwani, hakuifuta. Aliishika tu.

"Nilikuwekea makopo mpaka darajani," akasema polepole. "Halafu Jumamosi ile uliposhindwa kuja nikakata tamaa. Nikaona bora niingie huku uliko. Nimekosea."

"Umekosea."

"Unataka kwenda wapi?"

Hilo swali lilikuwa rahisi, na katika miaka tisa hakuna aliyewahi kumuuliza. Hapo ndipo machozi yalipomtoka, mengi, mbele ya Mungu na boti moja ya watalii iliyokuwa inakaribia. Hakujua. Alikuwa hajui hata kuna nini baada ya daraja.

Alipanda ngazi kwa baba yake uso haujakauka. Mzee alikuwa dirishani na miwani yake, na bila shaka aliona yote, ila maneno hayakumfikia. Binti akapiga moyo konde akamwambia. Alisema ametia sahihi kwa hasira, hataki miaka kumi, anataka kuirudisha ile barua. Alisema anampenda na hatamtupa.

"Na mimi utanipeleka wapi?" baba akauliza.

"Sijui, baba. Tuna siku tisini za kutafuta. Lakini tutatafuta sote, na kaka akiwemo."

Mzee alikuwa ameishi kwenye chumba hicho tangu kabla binti hajazaliwa. Kaimu alisubiri akataliwe. Alijua kwamba akikataliwa atabaki.

"Boti ya mizigo imepita saa ngapi?" mzee akauliza.

"Saa tatu."

"Sasa ni saa nne." Akaangalia juu, akipiga hesabu ya miaka thelathini na mitatu. "La nane imeshatoka. La tisa inatoka sasa hivi. Boti inasimama kila lango, mtu hasimami. Ukienda kwa mguu bila kupumzika utaikuta imeingia la kumi na moja." Akanyoosha mkono mzima kuelekea pembeni. "Bendera nyekundu iko nyuma ya mlango. Pandisha."

Bendera nyekundu maana yake lango limefungwa. Mara ya mwisho ilipanda siku waliyomzika mama. Kaimu aliitingisha vumbi, akaipandisha mlingotini, na nahodha wa boti ya watalii akapiga honi ndefu ya mshangao. Alimwachia baba chai kwenye chupa, simu kiganjani, fimbo karibu. Mzee akasema aende, boti haimsubiri, na kaka yake atampigia yeye mwenyewe, ana maneno yake ya kumwambia.

Walikwenda kwa mwendo wa haraka, Kaimu na ovaroli yake, Kobe nyuma. Kwenye daraja la mawe honi ilikuwa bado inalia, nyembamba, na miguu yake ikataka kugeuka yenyewe. Kobe aliona. Hakumshika mkono wala kumvuta. Alipita mbele tu, akaendelea kutembea, na Kaimu akamfuata. Baada ya kona ilikuwa kimya. Kaimu akaona ana njaa.

Lango la nane, boti hamna. La tisa hamna. La kumi maji yalikuwa bado yanachezacheza, boti ndiyo kwanza imetoka. Kobe, aliyejiita Kobe miaka yote, alikuwa anakimbia na kiatu kimoja kimefunguka kamba.

La kumi na moja waliikuta. Boti ilikuwa ndani ya chumba cha lango, maji yanateremka, nahodha yuko chini kabisa kati ya kuta mbili za mawe akila ndizi. Kaimu akainama ukingoni akaomba bahasha yake. Nahodha akakataa. Barua iliyokwisha pokelewa ni mali ya Mamlaka, akasema, na yeye ana watoto.

Mlinzi wa lango la kumi na moja alikuwa mzee mmoja mnene, mkono uko kwenye gurudumu. Kwa miaka tisa yeye na Kaimu walipeana taarifa za boti kwa simu kila asubuhi, hawajaonana hata siku moja. Aliisikia ile sauti, akageuka.

"Wewe ndiye Kaimu?" akauliza. "Nilidhani ni mtu mzima."

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Barua ni yako?"

"Ni yangu."

Mzee akaachia gurudumu, akavuta kigoda, akakaa. Akamtaarifu nahodha kwamba kiuno kimemshika ghafla, na kitamwachia pale bahasha itakapopanda. Nahodha alinung'unika, akasema atawashtaki wote wawili. Mwishowe akaichomeka bahasha kwenye ncha ya upondo, akaiinua. Kaimu alilala kifudifudi, mkono akauteremsha mpaka bega likauma, akaipata.

Hakuichana. Aliikunja, akaitia mfuko wa ovaroli, akafunga kifungo. Kisha wakakaa na Kobe ukingoni wakihema, wakachekana matope. Kobe akafunga kamba ya kiatu kwa muda mrefu kuliko inavyohitaji kamba ya kiatu.

"Kuna jambo nilitaka kukuuliza leo," akasema bila kuinua uso. "Nilipanga kukuulizia pale kijumbani."

"Usiniulize leo. Leo ndiyo kwanza nimetoka. Nitakubali hata usiloniuliza."

"Kesho?"

"Kesho niulize. Huo mnara wako uko mbali?"

"Saa moja hivi. Kwa mwendo wangu, moja na nusu."

Wakainuka. Walikuwa hawajafika mbali simu ikalia, kaka mkubwa, na haikuwa Ijumaa. Sauti ilikuwa ya juu. Mzee amempigia, amemwambia maneno ambayo hajawahi kuambiwa tangu azaliwe, bendera nyekundu iko juu, boti nne zimesimama, mkataba je, nyumba je, yeye yuko barabarani na kazi ameiacha, dada amepatwa na nini.

"Njoo ukae na baba," Kaimu akamwambia. "Chai iko kwenye chupa."

"Nakuuliza uko wapi!"

Kaimu akasimama. Akatazama njia mbele yake, miti asiyoijua, maji yanayometa jua la mchana, Kobe amesimama pembeni.

"Sijui, kaka," akasema. "Sijawahi kufika huku."